Fibi wa Kenkrea na usomaji wa "kama ilivyo"

Katika mijadala ya wanafunzi wa theolojia kuna kauli inayowanyamazisha wengi: tusome Biblia kama ilivyo, mbinu za wasomi zitatupotezea imani. Nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi, na anayeitoa huitoa kwa moyo mweupe. Anahofia kwamba akishaanza kuuliza nani aliandika, kwa nani na kwa sababu gani, Neno la Mungu litabaki karatasi tupu. Hofu hiyo naiheshimu. Kauli yenyewe siikubali.

Afungue Biblia ya Union Version, ile ya 1952 tuliyolelewa nayo wengi wetu, asome Wafilipi 1:1 kisha Warumi 16:1. Kule Filipi wanasalimiwa maaskofu na mashemasi. Kwa Warumi anatambulishwa Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Kwa Kiyunani neno ni moja: diakonos. Wa Filipi wakaitwa mashemasi, mama huyu akaitwa mhudumu. Siwatuhumu watafsiri kwa nia mbaya. Neno hilo linabeba maana zote mbili, na Paulo hulitumia hata kwa kujitaja mwenyewe. Ila kuna mtu aliyechagua. Anayesoma "kama ilivyo" anasoma chaguo la mtu huyo pasipo kujua kwamba palikuwa na kuchagua.

Na namna hii ya kusoma imegusa maisha ya watu. Wanawake wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walibarikiwa kuwa wachungaji mwaka 1991, baada ya ubishi wa miaka mingi, na hadi leo yako makanisa yanayokataa kwa kushika 1 Wakorintho 14:34, panapoagiza wanawake wanyamaze kanisani. Lakini katika 11:5 ya waraka huohuo, Paulo anamtaja mwanamke anayesali na kuhutubu, wala hamkatazi. Anachoagiza ni kufunika kichwa. Kuziweka sura hizo pamoja na kuuliza kulikuwa na nini Korintho, ndiyo hiyo mbinu inayoogopwa.

Wapo walimu, nakiri, wanaobomoa darasani kisha wakamwacha kijana peke yake kwenye kifusi. Hilo ni kosa la mwalimu. Mtazame mwanatheolojia John Mbiti: alipata udaktari Cambridge mwaka 1963 kwa kuchunguza mafundisho ya Agano Jipya kuhusu nyakati za mwisho, akawa mchungaji wa usharika huko Burgdorf, Uswisi, na uzeeni akalitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani hadi Kikamba. Miaka hiyo yote ya uchambuzi haikumwondoa madhabahuni.

Wafafanuzi wengi huona kwamba Fibi ndiye aliyeubeba ule Waraka kwa Warumi mpaka Roma. Ikiwa ndivyo, basi siku uliposomwa kwa mara ya kwanza, msikilizaji aliyeshindwa kuelewa Paulo alimaanisha nini alikuwa na mtu mmoja wa karibu wa kumwuliza: Fibi.