Rubondo si ya wageni tu



Nina dukuduku juu ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo.

Kisiwa hicho kimo katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile tunalovua sisi wa Mugango. Kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Sehemu kubwa ni msitu mnene wenye sokwe, ambao wazazi wao walipelekwa huko kati ya 1966 na 1969, na matete yenye nzohe. Watalii hulala humo, wakatazama wanyama, kisha wakapanda mashua kuvua sangara kwa ndoana, kwa kujifurahisha tu!

Nilipowasimulia wanafunzi wangu walicheka. Kwao kuvua ni kazi, tena wengine hukosa shule kwa kuvuta kokoro, wavu uliopigwa marufuku, unaozoa hata sangara wa kiganja. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mtu analipa ili avue?" Nikamjibu ndiyo, analipia samaki aliyeachwa akakua, maana maji yanayozunguka kisiwa yamo ndani ya hifadhi na samaki huzaliana humo.

Jibu hilo ubaoni halitoshi. Lakini nauli ya kwenda Mwanza, Geita, kisha boti, mzazi wa hapa haimudu. Naiomba TANAPA na halmashauri za kandokando ya ziwa zigharimie safari moja kila likizo, na wavuvi wawili watatu wapakiwe humo humo. Hao ndio wenye makokoro.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mugango, Musoma.