Kabla hujalaumu mayai, hakiki kipimajoto

Vijana wenzangu mnaototolesha vifaranga, namba inayowaka kwenye mashine mnaiamini mno. Mimi siiamini mpaka niihakiki.

Juzi kijana mmoja aliniita shambani kwake. Mashine yake ya feni inasoma 37.5, ndiyo hasa inayotakiwa. Lakini vifaranga walianza kutoka siku ya 19, wadogo, vitovu havijafunga, na wengine walifia ndani ya ganda. Alishagombana na aliyemuuzia mayai. Tulipopima, kumbe joto halisi lilikuwa karibu nyuzi 39! Muuza mayai hakuwa na kosa, na mpaka leo hawasalimiani.

Wengi mnapima kwa maji yanayochemka, mkitegemea 100. Ukiwa Dar es Salaam sawa. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 94 hivi, kwa hiyo utatupa sensa nzima bure. Tumia barafu. Iponde, jaza glasi, ongeza maji safi kidogo tu ya kuziba nafasi, koroga. Funga sensa kwa nailoni nyembamba kama haivumilii maji, iweke katikati bila kugusa glasi, subiri isitulie tu, itulie kabisa. Isome 0.

Ila 0 peke yake haitoshi, maana yai halikai kwenye barafu. Weka maji ya vuguvugu, nyuzi 37 mpaka 38, kwenye chupa ya chai, kisha zamisha ncha ya kipimajoto cha homa pamoja na sensa yako. Kile cha duka la dawa kinatosha. Kikilia, soma vyote viwili hapo hapo, maana cha homa kinashikilia joto la juu kabisa hata maji yakipoa. Tofauti utakayopata irekebishe kwenye mashine, au iandike kwenye karatasi uibandike mlangoni.

Kuna aliyeniuliza kama anunue sensa za nyuzi za kioo, zile zinazopima joto kwa mwanga. Ni nzuri, waya mmoja unasoma sehemu nyingi. Lakini hata watafiti wanaozitumia kupima joto la mito huzamisha kipande cha waya kwenye barafu na kingine kwenye maji ya moto. Sasa wewe mwenye mashine ya mayai 200 unaruka hatua hiyo kwa nini?

Rudia kila kabla ya kupakia mayai. Tofauti ikizidi nyuzi 1, badilisha sensa kwanza.