Viwanda visitegemee chujio na cheti pekee

Kila mwanafunzi wa sayansi hufundishwa mapema namna ya kuchuja. Hupewa mchanga uliochanganywa na maji ya chumvi, karatasi ya chujio na faneli, kisha huulizwa ni kipi kilichobaki juu na ni kipi kilichopita. Jibu analijua hata yule aliyekuwa akisinzia: mchanga hubaki, chumvi hupita. Linalonishangaza ni kwamba somo hilo dogo husahauliwa na watu wazima wenye shahada pindi waingiapo kiwandani, na usahaulifu huo umewaua watoto katika nchi kadhaa.

Sina ugomvi na chujio. Katika viwanda vya dawa za sindano, dawa hupitishwa kwenye utando wenye matundu ya mikromita 0.22, na sijui kifaa kinachopimwa kwa makini zaidi. Katika maabara, kila sentimita mraba ya utando hukabidhiwa bakteria wasiopungua milioni 10 wa aina ya Brevundimonas diminuta, ambao ni wadogo mno, na kinachotoka upande wa pili sharti kisiwe na hata mmoja. Kiwandani nako utando hulowanishwa, hewa ikasukumwa kwa shinikizo linaloongezwa polepole. Tundu likiwa dogo hushikilia maji kwa nguvu, hivyo viputo huchelewa kutokea. Vikitokea mapema, utando umepasuka. Mwalimu wa fizikia aweza kulieleza jambo hilo kwa mvutano wa uso wa maji, bila gharama yoyote. Jaribio hurudiwa hata baada ya dawa kuchujwa, kwa maana utando waweza kupasuka kazini. (Wapo wanaodhani chujio jipya halihitaji kupimwa kwa sababu ni jipya. Hao nisingependa wanitengenezee dawa ya macho.)

Lakini chujio lililofaulu majaribio yote hayo halina habari na kilichoyeyuka. Dawa nyingi za maji wanazonyweshwa watoto hutengenezwa kwa glisirini au propilini glikoli, viowevu vitamu visivyo na madhara vikiwa safi. Vina jamaa yao aitwaye diethilini glikoli, atumikaye katika mafuta ya breki. Naye hana rangi, ni mzito, ni mtamu, bei yake ni nafuu, na huharibu figo. Hupita katika utando wa 0.22 kama chumvi ipitavyo katika karatasi ya darasani.

Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliyeyusha dawa ya sulfanilamidi katika kiowevu hicho. Wataalamu wake walipima ladha, sura na harufu. Watu zaidi ya 100 walikufa, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kulazimisha dawa mpya zithibitishwe usalama wake kabla ya kuuzwa. Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Huko Haiti, mwaka 1995 na 1996, makumi ya watoto walikufa kwa dawa ya homa iliyotengenezwa kwa glisirini ambayo karibu robo yake ilikuwa sumu hiyo. Panama ikafuata mwaka 2006. Mnamo Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa nne zilizoshukiwa kuhusika na vifo vya watoto 66 nchini Gambia, na mwaka huo huo Indonesia ilizika watoto wapatao 200.

Pipa lililofika Panama lilikuwa limepita mikononi mwa wafanyabiashara wa nchi zaidi ya moja, na kila mmoja alikabidhi cheti kwa mwenzake. Cheti kilisafiri vizuri. Hakuna aliyefungua pipa akapima.

Nimesikia hoja kwamba kupima kila pipa ni ghali kwa viwanda vidogo. Sikubaliani nayo. Mashine ya kromatografia ya gesi ni ghali kweli, lakini viwanda vitano vyaweza kutumia maabara moja, na ile kromatografia ya bamba jembamba, binamu wa jaribio la wino kwenye karatasi, haihitaji utajiri. Hata mizani husaidia kidogo: mililita moja ya glisirini ina uzito wa gramu 1.26, ya diethilini glikoli gramu 1.12. Nasema kidogo kwa sababu glisirini iliyoingiwa na maji nayo hupungua uzito, na kiwango cha sumu kinachovumiliwa hakizidi asilimia 0.1, ambacho mizani haitakiona. Mizani yaweza kulishuku pipa; haiwezi kulisafisha jina.

Kwenu walimu, nina ombi. Tunatoa alama kwa mchoro wa faneli kisha tunamwaga kilichopita. Kabla ya kumwaga, mwanafunzi na atiwe matone ya nitrati ya fedha mle, aone weupe unaothibitisha kloridi katika maji yaliyoonekana safi. Siku nyingine mpeni chupa iliyobandikwa jina lisilo lake, ya kitu kisichodhuru, mumwachie mizani na silinda ya kupimia bila kumwambia lolote, mkaone atachukua muda gani kuishuku.