Nani anashika ufunguo wa barafu?

Mwezi wa kumi ukifika, mji wa Toronto kule Kanada unashikwa na homa ya hoki. Toronto tunaijua huku Luhwindja: njo mji ambako Banro ilikuwa na ofisi yake kuu, kompani iliyotoa dhahabu ya kwanza Twangiza mwaka 2011. Lakini mchezo wao wengi wetu hatujauona. Watu wanavaa viatu vyenye chuma chini, wanateleza juu ya barafu, wanapiga kisahani kigumu cheusi kwa fimbo. Timu ya huko, Maple Leafs, msimu wa 2025-2026 ulipangiwa mechi 82 kabla hata ya kuwania kombe, na kombe lenyewe haijalishika tangu 1967. Wenye kulia na Muungano ao Dawa wapunguze machozi.

Tunaongelea hoki leo kwa sababu ya franga, na tunaanzia karibu, Nairobi.

Ndiyo, Nairobi kuna timu ya hoki ya barafu. Inaitwa Ice Lions. Vijana wake wengi walianzia viatu vya magurudumu barabarani, kisha wakaingia kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli Panari, kilichofunguliwa mwaka 2005. Ni kidogo kuliko kiwanja rasmi, na ni cha hoteli. Korona ilipofika 2020, hoteli ikafunga kiwanja, na timu ikakosa pa kuchezea. Walikuwa na ufundi, walikuwa na hamu, ufunguo hawakuwa nao.

Mwaka 2018 kompani moja ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapandisha ndege, ikawapeleka kwao wakacheza na timu ya wazimamoto, na nyota wawili wa Kanada, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi ya Kenya pamoja nao. Filamu ikatengenezwa. Ni jambo zuri, hatulicheki. Lakini ni matabishi: anayetoa anachagua siku, anachagua kiasi. Mwaka 2024 Kenya ikaingia katika shirikisho la dunia la hoki, na hiyo inahesabika zaidi, kwa sababu uanachama umeandikwa.

Sasa turudi kwa matajiri wa mchezo. Mwezi wa tisa 2004, wenye timu za Kanada na Marekani waliwafungia wachezaji milango. Walisema wanapata hasara; wachezaji wakasema hizo hesabu hawaziamini. Msimu mzima ulikufa, mechi 1,230, kombe halikupewa mtu. Wachezaji walirudi mwaka 2005 wakiwa wamekatwa asilimia 24 ya mishahara. Kwa hiyo tusidanganyane, walishindwa.

Ila kitu kimoja walirudi nacho. Mishahara yao yote pamoja ilifungwa kwenye mapato ya ligi kwa asilimia iliyoandikwa, na tangu mapatano ya 2013 ni nusu kwa nusu. Ukigawa mapato hivyo, ni lazima kwanza mkubaliane mapato ni nini na vitabu vikaguliwe. Mwenye timu hawezi tena kusema tu « hakuna kitu mwaka huu » halafu akafunga mlango wa ofisi.

Na sisi je? Tulipewa vitu. Familia zilizohamishwa Twangiza kupelekwa Cinjira zinajua walichopewa na walichoacha. Lakini kilichoandikwa ni hiki: kanuni ya madini ya 2018 inatoza dhahabu redevansi ya asilimia 3.5. Katika hiyo, nusu inaenda Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa sheferi, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tufanye hesabu. Dhahabu ya dola milioni moja inalipa redevansi ya dola 35,000. Fungu la Luhwindja ni dola 5,250. Juu yake kompani inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa miradi ya wakaaji, yaani dola 3,000.

Kodi si mshahara, tunajua, na mchimbaji wa shimo anayegawana mifuko na PDG wake hayumo katika hesabu zote mbili. Hata hivyo, 5,250 ni fungu, si zawadi. Shida yetu ni kwamba tumezoea kuliomba kama zawadi: kompani ikijenga darasa tunapiga vigelegele, na hatuulizi kama darasa hilo limetoka katika asilimia 0.3 iliyokuwa yetu tayari.

Tangu M23 washike Bukavu mwezi wa pili 2025, na Twangiza mwezi wa tano, swali la nani anashika ufunguo limekuwa zito, tena la hatari. Karatasi za zamani lakini zipo. Kabla ya vita kulikuwa na miaka ya redevansi, na kila mwaka una hesabu yake. Siku mkutano wa sheferi utakapoitishwa, asiulizwe mtu « mtatujengea nini? ». Aulizwe: asilimia 15 ya mwaka fulani, ilikuwa dola ngapi, iliingia konti gani, nani alitia sahihi?