UFA HAUMNGOJI MTAALAMU WA NG'AMBO

Wako watu miongoni mwetu wasemao kwamba hesabu za mabomba ya gesi si kazi yetu. Wasema: "Waliojenga ndio wajuao, sisi tuwashe taa tu." Maneno haya si mapya. Wazee wetu walipodai kujitawala waliambiwa hayo hayo, kwamba hawajawa tayari. Waliyakataa, nasi twayakataa.

Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, la inchi 36, lilijengwa kwa mkopo wa China, likazinduliwa mwaka 2015. Deni ni letu, gesi ni yetu, na walalao kando ya njia yake ni ndugu zetu. Je, ujuzi wa usalama wake uwe wa nani?

Tazameni jambo lenyewe. Bomba likigongwa na tingatinga au likiliwa na kutu, ufa waweza kuanza. Gesi hutoka kwa kishindo, na kule kupungua kwa nguvu yake hukimbia ndani ya bomba, hapo mwanzo kama mita 400 kwa sekunde. Hayo ni mashindano. Nguvu ikipungua mbele ya ufa, ufa husimama. Ufa ukitangulia, huendelea kuchana chuma. Mwaka 1960 huko Marekani bomba la inchi 30 lilipasuka likijaribiwa, na ufa ukaenda kilomita zipatazo 13!

Hakuna awezaye kulipua mabomba kila siku ili ajifunze. Kwa hiyo kompyuta hupewa unene wa chuma, uimara wake, nguvu ya gesi na udongo uliolifunika bomba, nayo huonyesha ufa utakomea wapi. Lakini kompyuta si mganga. Kanuni iliyotungwa na taasisi ya Battelle ya Marekani, katika miaka ya 1970, ilitokana na vyuma vya siku zile. Kwa vyuma vipya vyenye nguvu zaidi imeonekana kukosea. Asiyejua kuhesabu atatambuaje kwamba jibu aliloletewa ni la uongo?

Basi twadai: vipimo vya chuma cha mabomba yetu viwe mikononi mwa vyuo vyetu, vijana wafundishwe hesabu hizi, na bomba jipya lisikubaliwe mpaka hesabu yetu imewekwa kando ya hesabu ya mjenzi. Mgeni na aje kama rafiki, si kama mlezi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bomba hautupi hata nafasi ya kujenga ukuta. Wananchi, tujifunze sasa!