Mtoto Aonwe Kwao Kwanza: Ilani ya Mabaraza ya Jioni, Kasongo na Kabambare

Sisi wakazi wa kartie za Kasongo, jimboni Maniema, pamoja na ndugu zetu wa Kabambare na wa njia ya Salamabila, walimu, wakulima wa mpunga na muhogo, akina mama wa soko, vijana wa pikipiki, wanafunzi, wanakwaya na wapiga dufu, tumekubaliana kuanzisha vuguvugu. Jina hatujalipa. Watoto watalichagua kwenye baraza la kwanza, nasi tutalipokea hata likituchekesha.

Neno letu ni hili: mtoto ambaye mtaa wake haumtazami atatafuta watazamaji kwenye simu, na huko hatachagua nani amtazame. Ndiyo maana habari za ngoma na habari za simu tumeziweka katika ilani moja. Wako waliotushauri tuzigawe, tuwe na kamati ya sanaa na kamati ya ulinzi wa watoto, ili tuombe fedha milango miwili. Tumekataa.

Mtu wa Kinshasa akisikia kwamba Kasongo wanahangaikia watoto na intaneti, hucheka. Umeme wenyewe ni wa paneli za jua, na Kabambare kuna vijiji ambako mtu hupanda kilima ndipo apate rezo. Ni kweli. Lakini picha haingoji rezo ndipo ifike kwetu. Msafiri anarudi kutoka Bukavu au Kalemie na kadi ya memori mfukoni. Kijana mwenye kompyuta sokoni anainakili. Mtoto anatumwa kupeleka simu ya baba ikachajiwe na kuongezwa nyimbo, anarudi na nyimbo alizoagizwa na video ambazo hakuna aliyeziomba. Kutoka hapo ni simu kwa simu, kwa Bluetooth au Xender, bila mega hata moja. Na kitu kikishaingia kwenye kadi hakuna kampuni ya kulalamikia wala kitufe cha kubonyeza ili kiondolewe.

Kwa hiyo mashauri yanayotufikia kutoka ng'ambo hayatutoshi. Wanatuambia mzazi aweke kufuli kwenye simu ya mtoto. Simu ya mtoto ipi? Nyumba nyingi za kwetu zina simu moja, na anayeijua vizuri kuliko wote ni huyo mtoto. Ndiye anayemsomea mama ujumbe, kwa kuwa mama hakupata shule. Ndiye anayemtumia shangazi fedha kwa Airtel Money na kuijua namba ya siri. Ukimwambia mama huyo amsimamie mwanawe kwenye simu, umemtwika mzigo asioweza kuubeba, kisha siku ya msiba utamlaumu. Kazi hii ni ya mtaa.

Nchi yetu inajua habari za watoto kuchukuliwa. Katika miaka ya 1870 Kasongo ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, na kutoka hapa pembe na watu vilisafirishwa kwenda Ujiji, Tabora na pwani. Wamanyema wa Ujiji, na wale wenye msikiti wao Kariakoo, Dar es Salaam, asili yao ni huku. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Mbelgiji Dhanis yaliuteka mji, na waliotuambia wamekuja kutukomboa wakaanza kututoza jasho letu. Ilipokuja vita ya 1996 watoto walivikwa sare, wakaitwa kadogo. Leo huko machimboni na msituni bado kuna wanaowataka. Kila zama mchukuaji alikuja na maneno matamu na zawadi ndogo: zamani nguo na shanga, baadaye biskuti na bunduki, siku hizi ujumbe kutoka kwa mtu asiyejulikana, mwenye picha nzuri, anayeahidi kazi ya duka au ya mgahawa karibu na dhahabu. Msichana wa miaka 14 akijibu ujumbe ule, tusimwite mjinga. Huenda huyo ndiye mtu wa kwanza mwaka huo kumwambia kwamba amependeza.

Na picha zetu pia zimechukuliwa siku nyingi. Livingstone alikwama Kabambare mwaka 1870 hadi 1871 kwa vidonda vya miguu, akaandika. Stanley akapita 1876, naye akaandika. Mengi ambayo dunia inadhani inayajua juu yetu yaliandikwa na wapita njia. Sasa wapita njia huja na magari yenye nembo mlangoni, wanashuka, wanawapanga watoto, waliokonda mbele, wanapiga picha na kuondoka. Mama wa mtoto hatajua kamwe picha ile ilibandikwa wapi. Tunatangaza kwamba kuanzia sasa picha ya mtoto haitoki kwenye kartie zetu kabla ya mzazi na mtoto mwenyewe kuambiwa, kwa lugha wanayoielewa, inakwenda wapi na kwa kazi gani. Sharti hili linatufunga na sisi. Linamfunga hata baba anayeweka kwenye statusi picha ya mwanawe mgonjwa, akiomba watu wamwombee. Tunajua tunagusa pabaya. Aombe dua kwa jina la mtoto. Mungu hahitaji picha.

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana watu husema ulinzi wa watoto kwenye picha ni jambo la kizungu. Jirani zetu wa kaskazini, Walega wa Pangi, walikuwa na chama cha bwami. Ndani ya bwami kulikuwa na sanamu na vinyago vya pembe na vya mti, vingi kati ya hivyo leo viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Vitu vile havikuwa pambo la ukutani. Mtu alipanda daraja, na kila daraja lilikuwa na vyake vya kuonyeshwa. Alipoonyeshwa, palikuwa na mkubwa wa kumfunulia maana, kwa methali, kwa wimbo na kwa kucheza, hata ajue sanamu hii inamwonya juu ya ulafi na ile juu ya mdomo usiotulia. Hakuna aliyeachwa peke yake gizani na sanamu. Serikali ya Wabelgiji iliipiga bwami marufuku mwaka 1948. Hatusemi turudishe bwami Kasongo. Wengi wetu ni Waislamu na Wakristo, na wengi si Walega. Tunasema kwamba kanuni ya kumwonyesha kijana kitu kwa wakati wake, akiwa na mkubwa wa kumweleza, ilikuwapo Maniema kabla simu haijabuniwa.

Basi mabaraza yatakuwa hivi. Kila Jumamosi baada ya Alasiri kartie moja itakuwa mwenyeji: leo uwanja wa msikiti, wiki ijayo uwanja wa parokia, mara nyingine shule. Tutamaliza kabla ya giza. Kabambare hasa, anayejua hali ya njia haulizi kwa nini. Kutakuwa na kasida na dufu, kwaya, ngoma za Wazura, za Wakusu, za Wabangubangu, za Wagenia wa mtoni. Kutakuwa na vitendawili na hadithi. Watoto watachora kwa makaa kwenye magunia yaliyochanwa na kuleta magari yao ya waya na wanyama wa udongo. Vijana wa rap nao waje, maneno yao tutayasikia hadi mwisho kabla ya kuyahukumu. Na mwenye chumba cha video tunamwomba afungue mlango wake mara moja kwa mwezi, atuonyeshe filamu moja tuliyokubaliana, wazee kwa watoto, kisha tuizungumze pale pale.

Mashindano hayatakuwapo. Juu ya hili tulibishana sana, kwa kuwa vijana wanapenda kikombe. Lakini zawadi ya wa kwanza inamtazama mmoja na kuwasahau waliobaki, nasi tunataka kila mtoto asimame mbele ya watu wanaolijua jina lake na jina la bibi yake, aimbe vizuri au vibaya, apigiwe makofi. Wala hatutafuti jukwaa. Ndugu zetu wa Goma walianzisha Tamasha la Amani mwaka 2014, likavuta maelfu ya watu, na tunawapa heshima yao. Sisi tunajijua. Jukwaa linataka jenereta, jenereta inataka mfadhili, na mfadhili anataka picha. Mchango wetu utakuwa kipimo cha mchele kwa kila nyumba yenye nafasi, tupike, tule pamoja.

Ninyi vijana wa kuchaji simu na kuweka nyimbo, tunawasemesha peke yenu, kwa kuwa mlango ni ninyi. Hatukuja kuwafungia biashara. Tunawaomba mawili. Kadi ikiletwa na mtoto, mpeni nyimbo alizotumwa na msiongeze kitu. Na picha au video ya uchi au ya aibu ya binti wa hapa, yeyote awaye, isinakiliwe kwenye mashine zenu hata mteja akilipa mara kumi. Nasi spika zenu tutazikodi kwa mabaraza, na mafuta tutalipia.

Jambo likishaharibika, la kwanza ni kwamba mtoto asipigwe. Mtoto anayejua atachapwa na simu kuvunjwa hatasema, na anayemtisha anategemea ukimya huo. Kila kartie itachagua watu watatu, wawili wao wanawake, wa kupokea habari kama hizi na kuzitunza bila kuzipeleka kisimani. La pili, hatutakubali kumalizana kwa mbuzi. Tunajua desturi: familia mbili zinakaa, mnyama anatolewa, msichana anaambiwa anyamaze. Sheria Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, nayo inaadhibu wanaotengeneza na kusambaza picha chafu za watoto. Tangu Machi 2023 nchi ina pia sheria ya mambo ya kidijitali. Safari ya kwenda polisi na parke ya mwendesha mashtaka ni ndefu na ina gharama. Baraza litamsindikiza mzazi, asiende peke yake.

Asituelewe mtu kwamba tunaichukia simu. Wakati wa kukimbia mapigano, simu ndiyo iliyotuambia nani amefika wapi. Wanafunzi wa mtihani wa Egzeta wanapitishiana maswali ya miaka iliyopita kwa simu hizo hizo. Juu ya umri wa mtoto kumiliki simu yake, hatukukubaliana: walimu wanasema angoje amalize msingi, wazazi wengine wanasema miaka 15, na vijana wanatuuliza sisi wenyewe tulingoja nini katika maisha. Suala hilo litarudi barazani, na watoto watakuwapo tukilijadili.

Mashehe wetu, mapadri na wachungaji, tunawaomba mwisome ilani hii Ijumaa na Jumapili, kwa maneno haya haya. Walimu, mpeni kila mtoto habari aje na kitu alichokitengeneza, au wimbo, au kitendawili. Machifu, tunaomba uwanja tu.

Baraza la kwanza ni kiangazi hiki, Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya mpunga kuingia ghalani. Kila mtu aje na kiti chake au mkeka. Simu zije, zitachajiwa bure, ila kamera zipumzike. Wa Kabambare, msitungoje. Anzeni siku mtakayoona njia ni salama, na mkituma mjumbe atueleze lilivyokwenda, tutampa nauli ya kurudi.