Uzi Uliovaa Shaba

Fundi simu akiubambua waya wa hedifoni uliokatika, mara nyingi hakuti shaba peke yake. Hukuta pia nyuzi laini, mfano wa zile za cherehani, zimesokotwa pamoja na shaba nyembamba kuliko unywele. Huziunguza kwa kiberiti kwanza, ndipo ashike lehemu. Mwenye simu anaweza kudhani ni uchafu wa kiwandani. Kumbe nyuzi hizo ndizo zinazostahimili kuvutwa na kukunjwa kutwa nzima; shaba imeachiwa kupitisha sauti tu.

Wahandisi wa ndege wameupeleka mgawanyo huo wa kazi mbele zaidi: wanauvisha uzi wenyewe metali.

Uzi mmojawapo ni Kevlar, uliotokana na ugunduzi wa mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965 katika kampuni ya DuPont, Marekani. Ndio huo wa fulana za kuzuia risasi. Kwa uzito ulio sawa, una nguvu mara 5 ya chuma cha pua. Ila umeme haupiti, na ngozi yake ni telezi, metali haiishiki. Kwa hiyo uzi huoshwa, huparuzwa kwa kemikali, hupandikizwa chembe za paladiamu, kisha hutumbukizwa katika dawa yenye shaba. Shaba huota juu ya chembe hizo bila uzi kuunganishwa na umeme wowote. Baadaye huongezwa nikeli au fedha.

Uzi wa namna hiyo, ulioingia sokoni kwa jina la Aracon, husukwa kama soksi ya kufunika nyaya za ndege ili mawimbi ya redio yasiziingilie. Hapo gamba jembamba linatosha, kwa kuwa umeme wa masafa ya gigahezi 1 hukimbia juu juu, sehemu yake kubwa ikipita katika mikromita chache za kwanza za shaba. Shaba nzito ya ndani ingekuwa mzigo wa bure angani.

Wanaotangaza kwamba zama za shaba zimekwisha wanatia chumvi. Gamba hilo lina ukinzani mkubwa; ukilipitishia mkondo wa kuwasha jiko, litaungua. Lakini nao wanaolibeza kwa sababu hiyo wanapima kwa kipimo kisicho chake. Waya wa chaja haukatiki shingoni kwa kuzidiwa na umeme. Hukatika kwa kukunjwa. Kwa kifaa kinachokunjwa kila siku, uimara unastahili kuulizwa kabla ya wingi wa shaba.

Mashirika ya umeme yalilielewa hilo zamani. Nyaya nyingi za msongo mkubwa zinazoning'inia kwenye minara ni alumini iliyozungushwa kwenye kiini cha chuma: alumini hupitisha umeme, chuma hubeba uzito.